Maoni: Kinga ya zamani inatosha kwa triatloni, tulipie kwanza breki na kujifunza kuogelea

Majuma mawili yaliyopita, kijana mmoja wa kartie yetu hapa Goma alikuja kuniambia kwamba ameacha mazoezi. Sisi ni kikundi kidogo cha wakaaji wanane, hatuna jina wala mfadhili. Tunajitayarisha kwa triatloni ya kirafiki, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, moja baada ya nyingine bila kupumzika. Nikamuuliza sababu. Akanijibu: «Papa, siwezi kuja mbele ya watu na kinga ya baba yangu. Nitarudi siku nikipata velo ya kweli.»

Kijana huyo anatupita sisi sote majini. Alikulia kando ya ziwa, na meta 400 anaziogelea kama mtu anayetembea kwenda sokoni. Kati yetu tuliobaki, yuko rafiki mmoja mwenye baiskeli nyepesi na nzuri, aliyotumiwa na ndugu yake anayeishi Ulaya. Rafiki huyo hawezi kuogelea meta 50 bila kushika ukingo wa mtumbwi. Basi anayejua maji ameondoka kwa haya, na asiyejua maji amebaki bila wasiwasi kwa sababu ya baiskeli yake.

Hapo tumeweka mambo kichwa chini, miguu juu. Kosa si la kijana peke yake. Ni letu sisi wakubwa, tunaokaa kando ya barabara tukihesabu bei ya velo za watu badala ya kuangalia kama breki zinashika. Maoni yangu ni haya: kwa triatloni ya watu wa kawaida, kinga ya zamani iliyotengenezwa vizuri inatosha. Pesa kidogo tuliyo nayo iende kwanza mahali ambapo kosa linaweza kuua, yaani kwenye breki, kwenye kaske na ndani ya maji.

Mchezo ulioanza na baiskeli za kawaida

Wengi wetu tulianza kusikia neno triatloni kwa sauti kubwa mwaka 2022, wakati Rubavu, mji jirani yetu ng'ambo ya mpaka, ulipopokea kwa mara ya kwanza mashindano ya Ironman 70.3. Najua kutaja ng'ambo ya mpaka kunawaumiza wengi siku hizi. Ninataja kwa sababu ndiyo kweli: mbio hizo zilikimbiwa kando ya ziwa letu hilihili, na picha zake ziliingia katika simu za vijana wetu. Walichoona katika picha ni baiskeli za kaboni, magurudumu mapana kama sahani na kaske zenye umbo la yai. Baiskeli moja ya namna ile inaweza kugharimu maelfu ya dola. Kijana wa Goma akiangalia picha kama hiyo, anafunga simu na kusema: huu mchezo si wetu.

Lakini ile ni triatloni ndefu: kilometa 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli na 21.1 za kukimbia. Mchezo wenyewe haukuanza hivyo. Triatloni ya kwanza ya nyakati zetu ilifanyika San Diego, Marekani, tarehe 25 Septemba 1974, mahali panapoitwa Mission Bay. Watu 46 walishiriki. Sehemu ya baiskeli ilikuwa maili 5 tu, yaani kama kilometa 8, na ya kuogelea yadi 500, ambazo hazifiki hata nusu kilometa. Hakuna aliyekuwa na baiskeli ya triatloni, kwa sababu kitu hicho kilikuwa hakijatengenezwa bado. Miaka minne baadaye, mwaka 1978, watu 15 walianza Ironman ya kwanza kule Hawaii, na 12 wakafika mwisho. Mchezo ukakua, ukaingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 2000 mjini Sydney, na wafanyabiashara nao wakaufuata.

Ninayasema haya ili kijana ajue kwamba baiskeli ya bei kali ilikuja nyuma ya mchezo. Watu walianza na walichokuwa nacho nyumbani.

Leo, umbali mfupi unaojulikana duniani ni meta 750 za kuogelea, kilometa 20 za baiskeli na kilometa 5 za kukimbia. Kikundi chetu kimepunguza hata hapo. Tunaogelea meta 400 tukifuata ukingo wa ziwa, tunaendesha kilometa 20, tunakimbia 5. Ndiyo kusema, mtu anayefanya kazi kutwa na kuwa na familia anaweza kujitayarisha bila kuacha kazi yake.

Tufanye hesabu kidogo

Watu wanapocheka kinga ya zamani, mara nyingi wanacheka uzito. Basi tupime. Baiskeli ya chuma ya zamani inaweza kuwa na kilo 14. Ile nyepesi ya rafiki yetu ina kilo 9. Tofauti ni kilo 5. Lakini mtu hapimwi na baiskeli peke yake. Mpandaji wa kilo 65 pamoja na kinga yake wana kilo 79, na kilo 5 ndani ya 79 ni kama 6 kwa mia. Kwenye mlima unaopandwa kwa dakika 10, tofauti hiyo ni kama sekunde 40. Mahali pa tambarare, karibu huioni, kwa sababu pale mtu anapambana zaidi na upepo, na sehemu kubwa ya upepo huo inapigwa na mwili wa mpandaji, si na kadre.

Tuchukue kilometa 20 zenyewe. Mwenye kwenda kilometa 25 kwa saa anamaliza kwa dakika 48. Mwenye kwenda 22 kwa saa anamaliza kwa karibu dakika 55. Ni dakika 7, na hizo si za umri wa baiskeli peke yake. Nyingi zinapotea kwa mambo ambayo fundi wa kartie anaweza kurekebisha asubuhi moja: mipira yenye upepo kidogo, mnyororo uliokauka kama kuni, breki inayogusa gurudumu muda wote, na kiti kilichoshushwa mpaka magoti yanakaribia kidevu. Niliwahi kuendesha mwaka mzima na kiti cha chini nikidhani nimezeeka. Siku fundi alipokipandisha sentimeta nne, mlima ule ule ukawa mfupi.

Kisha tulinganishe na maji. Ndani ya meta 400, anayejua kuogelea anatumia dakika 8 au 9. Anayejilazimisha anatumia 15 na kutoka majini akiwa amekwisha nguvu, kabla hata ya kugusa baiskeli. Na yule asiyejua hatoki. Hapo hatuzungumzi tena habari za dakika.

Sisi si wageni wa kinga

Haya hii ya kinga ya zamani inanishangaza pia kwa sababu ya mji tunaoishi. Goma imeweka katikati yake sanamu ya mtu akisukuma chukudu, yenye rangi ya dhahabu. Chukudu haina mnyororo wala vitesi. Ni mbao, gurudumu mbili na ujasiri wa mtu. Kwa chombo hicho, vijana wa Masisi, Nyiragongo na Rutshuru wameshusha makaa, viazi, kabichi na mbao kwa miaka mingi, mizigo ya mamia ya kilo, na wamejenga nyumba na kusomesha watoto. Kisangani, kinga yenye kiti cha nyuma ilipewa jina la toleka na ikabeba mji mzima. Kule Butembo na Beni, wanaume wamesukuma kinga zilizobeba ndizi na madumu ya mafuta katika milima ambayo gari linakataa.

Watu wa namna hii ndio leo wanaambiwa kwamba bila kaboni hawawezi kushindana. Baba wa yule kijana alimlipia masomo kwa kinga ile ile anayoionea haya. Nafikiri kinga hiyo inastahili zaidi kusimama kwenye mstari wa kuanza kuliko velo nyingi ninazoziona zikipigwa picha.

Kuna na hali ya uchumi. Tangu mapigano ya mwezi wa kwanza 2025, wakati benki zilipofunga milango na ndege zikaacha kutua Goma, kila mkaaji anajua jinsi dola ilivyokuwa ngumu kushika. Kumwambia kijana anunue baiskeli ya dola 1,000 ili afanye mazoezi ni kumwambia asifanye mazoezi.

Lakini ya zamani si lazima iwe nzima

Sasa niwe mkweli kwa upande wa pili. Sitetei kila chuma chenye magurudumu mawili. Kinga ya zamani inaweza kuua, na mwenye kuitetea bila kuichunguza anadanganya watu. Haya ndiyo ninayoangalia kabla ya kuruhusu mtu aingie nayo katika kikundi chetu.

Kwanza kadre. Safisha matope na mafuta, kisha angalia kwenye maungio, hasa pale chini ya gidon na pale pedali zinapoingia. Rangi iliyokwisha si kitu, na kutu ya juu inasuguliwa. Ufa, au kutu iliyotoboa chuma, ni mwisho. Vilevile uma wa mbele: ukiwa umepinda kwa sababu ya ajali, usiupige nyundo ili urudi. Tafuta mwingine, au acha hiyo kinga ibaki nyumbani. Uma ukivunjika kwenye mteremko, mtu anaanguka kwa uso.

Pili breki. Hapa ndipo kinga nyingi za zamani zinadanganya. Magurudumu mengi ya zamani yana duara la chuma linalong'aa. Likiwa kavu, breki inashika. Likilowa, inateleza, na Goma mvua haiombi ruhusa. Mwenye uwezo abadilishe magurudumu apate yale ya aluminiamu. Asiyeweza abadilishe raba za breki na waya zake, apunguze mwendo mapema, na siku ya mvua asishuke mteremko kwa mashindano. Jaribio letu ni rahisi: panda, nenda kwa mwendo wa kawaida, funga breki zote mbili. Tunachora mstari chini kwa mawe. Asiyesimama kabla ya mstari haendi barabarani na sisi, hata kama velo yake ni ya dola 2,000.

Tatu magurudumu na mipira. Inua gurudumu, lizungushe na uangalie kama linayumba. Gusa njiti moja moja: iliyolegea au iliyovunjika irekebishwe na fundi. Mpira wa nje wenye nyufa kando, kama ardhi ya kiangazi, utapasuka tu. Kabla ya kwenda sokoni, soma nambari zilizoandikwa ubavuni mwa mpira. Kinga za zamani toka Ulaya zina vipimo vingi vinavyofanana kwa macho lakini haviingiliani. Mpira ulioandikwa 622 hauingii sawasawa kwenye gurudumu la 630 wala la 635, hata muuzaji akikuapia kwa jina la mama yake. Nimelipia somo hilo mara mbili.

Nne mnyororo. Chukua rula, upime viungo 24. Ukiwa mpya, vinapima karibu sentimeta 30 na nusu. Vikifika 30.8, mnyororo umekwisha, badilisha kabla haujala meno yote. Ukiwa bado mzima, usafishe na utie mafuta kidogo, kisha upanguse. Mavumbi ya mawe ya volkeno yakichanganyika na mafuta mengi yanageuka msasa.

Mimi mwenyewe, kwa kinga yangu ya chuma niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, nililipa hivi: raba za breki dola 3, waya dola 4, mipira miwili ya nje dola 16, mnyororo dola 6, kazi ya fundi dola 5, kaske dola 15. Jumla dola 49. Bei zitabadilika kwa soko na kwa siku, lakini angalia mahali pesa ilikokwenda: karibu nusu ni kusimama na kulinda kichwa. Hakuna hata dola moja iliyokwenda kwa uzuri. Na kaske usinunue yenye ufa wala iliyokwisha kupiga chini, hata wakikupunguzia bei. Ile ilimaliza kazi yake siku ya ajali.

Tena, kwa barabara zetu, kinga yenye mipira minene ina faida yake. Nje ya lami kuu tunaendesha juu ya mawe ya volkeno. Mara mbili rafiki yetu mwenye velo nyepesi ametoboka kwa mipira yake myembamba, na mara mbili kinga ya dola 49 imemngojea.

Watanijibu kwamba kwenye mashindano makubwa vifaa vinahesabika. Ni kweli. Anayetaka kushindania taifa, ambaye dakika moja inamtenga na medali, atahitaji baiskeli bora, na ningependa wakuu wa michezo wamsaidie kuipata. Lakini huyo ni mmoja kati ya mamia, na hatutampata kamwe ikiwa wale mamia wamebaki nyumbani kwa haya.

Ziwa ndilo linalotuuliza

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa limenifanya niandike.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, hapa Goma, mchana, watu wakiwa kandokando wanatazama. Wengi walikufa wakiwa wanaonekana toka nchi kavu. Hakuna familia ya mji huu ambayo haikusikia kilio kile. Sitasema kwamba kujua kuogelea kungewaokoa wote. Boti ilikuwa imejaa, na boti iliyojaa ikipinduka hata mwogeleaji hodari anaweza kunaswa. Lililo la lazima kwanza ni boti kutojazwa na kila msafiri kupewa jile. Lakini sisi tunaoishi kando ya ziwa, tunaokula samaki wake, tunaosafiri juu yake kwenda Minova, Idjwi na Bukavu, wengi wetu hatuwezi kuelea hata dakika moja. Hilo lingepaswa kutuumiza zaidi kuliko kinga yenye kutu.

Kwa hiyo ninaiona triatloni kama nafasi. Ni mchezo unaomlazimisha mtu wa Goma ajifunze maji. Tukiutumia kununua velo za kujionyesha, tumepoteza nafasi hiyo. Tukiutumia kufundishana kuogelea, hata atakayekuwa wa mwisho kwenye mbio atakuwa amepata kitu cha kumrudishia siku moja uhai wake au wa mtoto wake.

Kuogelea kwenyewe kunataka utaratibu. Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Hatuingii ziwani mtu peke yake. Tunaingia asubuhi, kabla upepo wa mchana haujainua mawimbi. Tunafuata ukingo, si kuelekea katikati. Mvuvi mmoja anatusindikiza na mtumbwi wake, tunamlipa, na ndani ya mtumbwi kuna jile na kamba. Anayeanza anajifunzia mahali anaposimama maji yakimfika kifuani, mpaka aweze kulala mgongoni na kupumua bila hofu. Kulala mgongoni kunakuja kabla ya mwendo wa mikono, kwa sababu ndiko kunakokupa muda wa kungoja msaada.

Na hapa kwetu kuna hatari ambayo vitabu vya triatloni vya Ulaya havitaji: mazuku. Ile hewa mbaya inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala kwenye mashimo na mabonde, hata kando ya ziwa, upande wa Keshero, Bulengo na Lac Vert. Haionekani. Asubuhi mapema, kama upepo haujapita, inaweza kuwa imejaa mahali palipo chini. Watu na mifugo wamekufa hivyo. Basi usichague ufuko mpya kwa sababu ni mzuri. Waulize wakaaji wa pale. Wakikuambia mahali pana mazuku, usiende kuhakikisha.

Mazoezi ya mtu anayefanya kazi

Kwa wale watakaoniuliza tunafanyaje, ni majuma kumi, mara tano kwa juma. Kuogelea mara mbili, baiskeli mara mbili, kukimbia mara moja. Kila Jumamosi tunaunganisha: mtu akishuka kwenye kinga, anakimbia mara moja dakika 10 au 15. Mara ya kwanza miguu inakuwa kama ya mtu mwingine, mizito, haitii. Usiogope, baada ya Jumamosi tatu au nne inazoea. Goma iko karibu meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo anayetoka Kindu au Kalemie aanze taratibu mpaka pumzi ikubali.

Barabara tunaichagua kwa usalama, si kwa uzuri. Zamani watu walipenda kuendesha mpaka Sake na kurudi. Siku hizi tunazunguka duara la kilometa 4 mara tano, ndani ya mtaa tunaojulikana, jua likiwa limekwisha kutoka. Tunamwachia motari na lori njia yao. Duara linachosha macho, lakini mtu akitoboka au akianguka, yuko karibu na nyumbani na wenzake wanapita tena baada ya dakika kumi na mbili. Na siku ambayo hali ya mji si nzuri, hakuna mazoezi. Mwili hausahau kwa siku mbili.

Ninachoomba

Kwa wale wanaotayarisha mashindano madogo hapa Goma, Bukavu, Uvira au Kalemie, ninaomba mambo matatu. Moja, msiweke aina ya baiskeli kuwa sharti la kuingia. Wekeni breki na kaske. Mbili, kabla ya siku ya mbio, kila mmoja aogelee meta 200 mbele ya mtu anayejua maji. Asiyeweza asiingie ziwani, hata awe nani. Tatu, ruhusuni watu watatu kuunda timu moja: mmoja aogelee, wa pili aendeshe, wa tatu akimbie. Kwa namna hiyo kinga moja nzuri inatumikia watu watatu, na mtoto wa mvuvi anapata mahali pake bila kununua kitu.

Kwa wenye kinga iliyolala miaka nyuma ya nyumba, chini ya mabati: itoeni. Mwiteni fundi aiangalie. Kama kadre ni nzima, azimeni kijana mmoja wa kartie.

Na kwa yule kijana wetu, ikiwa anasoma haya katika simu yake: nilipita kwenu Jumapili. Baba yako alinionyesha kinga. Kadre ni nzima, uma ni mnyoofu. Raba za breki zimekwisha na mpira wa nyuma una nyufa, vitu vya dola 10 hivi, na kikundi kimekubali kuvilipa. Wewe utatulipa kwa kumfundisha yule mwenye velo ya Ulaya jinsi ya kulala mgongoni juu ya maji. Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, tutakuwa pale pale.